Jicho la Kushoto la Babu

Mjukuu wangu anatengeneza picha za watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Ndiyo kazi yake huko Dar es Salaam, kwenye kampuni ya matangazo. Idi iliyopita alikuja kunisalimia Tabora akanionyesha kwenye kompyuta yake uso wa bibi mmoja mwenye ushungi uliopauka, ngozi ina madoa ya uzee, jino moja la mbele limeingia weusi. Nilimwuliza ni mama wa nani. Akasema si mama wa mtu, ametengenezwa na mashine.

"Na jino bovu la nini?" nikamwuliza.

"Bila hilo jino, bibi, hakuna atakayeamini. Sura ikiwa safi mno watu huishtukia. Lazima uweke kasoro."

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Maneno hayo nilikwisha kuyasikia, karibu vilevile, kabla mama yake yeye hajazaliwa, kwenye studio ya picha karibu na soko la mji huu huu.

"Hilo jino umelitoa kwa nani?" nikamwuliza.

Alicheka. Akasema halikutoka kwa mtu yeyote, kompyuta imeona meno mengi tu. Mimi sikucheka, na nitaeleza kwa nini.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nikikaa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alikuwa karani stesheni. Bibi, mama yao, aliishi shamba upande wa Kwihara, kwenye tembe la zamani lililozungukwa na mihogo, na nyuma ya tembe hilo ndipo babu alipozikwa. Ulipokuja wito kwamba nyumba zilizotawanyika zikusanywe pamoja kando ya barabara, mama na ndugu wengine walihamia kijiji kipya. Bibi alikuwa ameshaishiwa nguvu za kujenga, kwa hiyo akaletwa mjini kwetu.

Alikuja na jembe lake, kinu, kioo kidogo cha duara, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakulalamika njiani wala alipofika. Alikaa barazani, akanywa maji, akatazama watu wanaopita na baiskeli. Mjomba alipomwuliza kama kuna kitu kimesahaulika huko, alijibu:

"Nimemwacha baba yenu peke yake."

Mjomba alikuwa mtu wa suruali zilizonyooshwa na sauti ya kikazi, lakini maneno hayo yalimvuruga. Wiki ile yote alikula bila kuzungumza. Mwishowe alimwambia bibi kwamba kama kaburi haliwezi kuhamishwa, basi sura inaweza. Angemletea picha ya babu aitundike chumbani kwake.

"Picha ipi?" bibi akauliza. "Baba yenu hakupigwa picha."

Ilikuwa kweli. Babu alikuwa mtu wa asali na nta. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe begani kwenye njia ile ya misafara mpaka pwani na kurudi, na babu mwenyewe aliifuata njia hiyo hiyo kwa upande wa Ujiji, akiuza asali yake kituo hadi kituo, hata baada ya reli kufika. Alikufa mimi nikiwa mtoto mdogo sana. Kumbukumbu niliyokuwa nayo ni mkono wake tu, mkono wa kulia, ukinipa kipande cha sega. Uso sikuwa nao kabisa.

"Yupo mtu anaweza," mjomba akasema.

Mtu huyo wote tulimwita fundi. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa bustani na ngazi za mawe, na kila mtu wa Tabora aliyeoa miaka ile amesimama mbele ya ngazi hizo. Alikuwa na sauti ya chini na vidole vilivyogeuka kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Alikuja nyumbani, akamwamkia bibi, akakaa mkekani akaanza kumwuliza. Pua yake ilikuwaje? Paji la uso je? Masikio yalikaa nje au yalilala?

"Pua ya kawaida," bibi akajibu. "Masikio ya kusikilizia."

Fundi akaandamana naye kwa upole, swali baada ya swali, na bibi akazidi kubana majibu. Baadaye, fundi alipokwenda, bibi aliniambia, "Mke mwenzangu, mtu yule anauliza kama polisi. Anataka kumjua mume wangu bila kuonana naye." Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Kisha fundi akawapiga picha mjomba, mama, na mjomba mdogo aliyetoka kijijini kwa kazi hiyo. Alisema uso wa baba umegawanywa kwa watoto, na kazi yake ni kuukusanya. Angechukua paji hapa, kidevu pale, aviunge katika chumba chake cha giza, halafu amalizie kwa brashi.

Alipoileta picha ya kwanza tulikusanyika wote sebuleni. Alikuwa mzee wa kanzu na kofia, sura imetulia, mashavu yamelainika kama sahani ya udongo iliyotoka kusuguliwa. Huyu alikuwa na mdomo wa mama. Alikuwa na paji la mjomba. Mjomba akakohoa, akasema, "Anakaribia."

Bibi aliishika picha kwa mikono miwili akaisogeza mbali na macho, halafu akaisogeza karibu.

"Mtu huyu hajawahi kutembea juani," akasema.

"Kosa liko wapi, mama? Niambie nirekebishe," fundi akauliza.

"Sijui. Hana kosa. Ndiyo maana simjui."

Nilidhani fundi angeudhika. Badala yake aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa dawa, akaifunga picha ndani ya gazeti, akaaga.

Alirudi mvua zilipokuwa zimekaribia. Safari hii picha ilikuwa na fremu kabisa, na alipoifunua mjomba alikaa chini. Kanzu ilikuwa imepinda shingoni. Pembeni palikuwa na weupe kidogo, kama mwanga uliopenya mahali ambapo haukutakiwa, na kona moja ya karatasi ilionyesha kunjo, kama picha iliyokaa miaka ndani ya sanduku. Lakini kilichomkalisha mjomba kilikuwa jicho. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, likampa yule mzee sura ya mtu anayesikiliza habari asiyoiamini. Ghafla alikuwa mtu. Ungeweza kumwamkia shikamoo ukasubiri aitikie.

Mjomba alilia. Mama alipokuja kutoka kijijini naye akalia, akaupitisha mkono kwenye kioo. Bibi aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni mtu," akasema.

Wote walisikia walichotaka kusikia. Mimi nilisikia kwamba hakusema ni mume wake.

Picha ikatundikwa sebuleni, kwa sababu mjomba alitaka wageni waione, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunitia wasiwasi. Mgeni wa kwanza alipouliza habari za jicho, mjomba alisita kidogo, akasema baba alikuwa mtu wa mizinga na nyuki ndio waliomfanya vile. Mgeni wa pili alipata maelezo zaidi. Kufikia mwisho wa mvua palikuwa na kisa kizima: mzinga ulioanguka, babu akikimbilia kijito, jicho likivimba hata likafumba, na mjomba mwenyewe, mtoto wakati huo, akimshika mkono kumwongoza nyumbani.

"Nyuki gani hao wa jichoni?" bibi aliuliza siku moja akiwa anachambua mboga.

"Mama, umesahau tu," mjomba akamwambia kwa upole. "Ni siku nyingi."

Nilimwendea mama kwa siri nikamwuliza jicho la babu lilikuwaje. Alijibu haraka, bila kufikiri, "Si unaliona pale ukutani?" Kilichonitisha zaidi kilikuwa changu mwenyewe. Siku moja nikiwa darasani, watoto wanaandika, ulinijia ule mkono wa babu na kipande cha sega, kama ulivyokuwa ukinijia siku zote. Safari hii mkono ulikuwa na mtu. Alikuwa ameinama kunitazama, na kope lake la kushoto limelegea.

Niliporudi nyumbani nilisubiri sebule iwe tupu, nikaishusha ile picha, nikaitoa kwenye fremu. Nilipitisha ukucha juu ya lile kunjo la kona. Ukucha haukukwama. Karatasi ilikuwa imenyooka tambarare. Kunjo lilikuwa limechorwa.

Nilikaa nayo mapajani nikijiuliza kwa nini mtu mwaminifu achore kunjo kwenye karatasi mpya. Mjomba nilipomwambia, hakutaka kusikia. "Ninyi walimu mmezoea kutafuta makosa kwenye madaftari, sasa mnayatafuta kwenye sura za marehemu."

Nikaenda kwa fundi. Alinikaribisha kitini mbele ya ile bustani ya kuchorwa. Nilipomtajia kunjo alitabasamu bila aibu.

"Mwalimu, picha ya mtu wa zamani isiyo na kunjo nani ataiamini? Ile ya kwanza ilikuwa safi. Mliiamini?"

"Na jicho?"

"Jicho nimelipata kwenye maelezo ya nyumbani."

Nilikuwapo alipokuwa akipewa maelezo hayo, na hakuna aliyetaja jicho. Nilimwambia hivyo. Akaanza kuifuta lenzi ambayo ilikuwa safi tayari, akasema mafundi husikia na yale ambayo watu hawayasemi. Niliondoka pale nikijua kwamba ananificha kitu, na sikujua nikamshitaki kwa nani. Picha ilikuwa imewapa furaha watu wa nyumbani. Ni nani angenishukuru kwa kuichafua?

Basi nikanyamaza, lakini niliacha kukaa kwenye kiti kinachoitazama.

Miezi ikapita. Mke wa mjomba alikuwa mtu wa Igunga, na watu wa kwao walipoleta wagonjwa hospitali ya Kitete walifikia kwetu. Hivyo ndivyo alivyokuja yule mama. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, na mumewe alikuwa amelazwa. Alishuka kwenye lori mchana, akaoga, akaletewa maji ya kunywa sebuleni. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari mezani. Nilisikia kikombe kikigonga meza, nikainua kichwa. Alikuwa amesimama mbele ya picha, hakai, hanywi.

"Huyu mmempata wapi?" akaniuliza.

"Ni babu yangu. Marehemu."

"Babu yako mzaa nani?"

"Mzaa mama. Alikuwa mtu wa Kwihara."

Alitingisha kichwa polepole. Akainua kiganja akafunika nusu ya uso kwenye kioo, akabakiza upande wa kushoto, akautazama.

"Dada," akaniambia, "mengine yote siyajui. Lakini jicho hili ni la baba yangu."

Nilimwomba akae. Aliniambia kwamba baba yake alipigwa pembe na ndama alipokuwa kijana mchungaji, na kope lake halikuinuka sawasawa tena. Si kope tu. Alinionyesha kwenye picha jinsi nyusi ilivyoshuka kulifuata, na mkunjo mdogo chini ya jicho uliokwenda kinyume na mikunjo mingine. Mambo hayo nilikuwa nimeyatazama kila siku bila kuyaona. Aliniambia pia kwamba baba yake alikuja Tabora mara moja kuuza ng'ombe, akarudi akiwachekesha watoto kwa habari za mtu aliyejifunika nguo nyeusi kichwani akamwambia asitikisike. Aliwaahidi kwamba atakwenda kuichukua picha yake. Alifariki kabla hajarudi, na wao hawakujua ni studio ipi, wala ya mji gani hasa, maana alipita miji mingi.

"Hatuna picha yake hata moja," akasema. "Ninyi mnayo ukutani."

Bibi alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama pale tangu lini. Alimsalimia yule mama kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, mayu," akaitikiwa, kisha akaniambia nimwandalie viatu vyake, kesho twende kwa fundi.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa fundi sote wanne: bibi akitembea taratibu na fimbo, yule mama wa Igunga kando yake, mimi, na mjomba nyuma yetu akisema njia nzima kwamba macho ya wazee hufanana. Mjomba hakuwa mtu mkorofi. Aliogopa tu, na nilimwona anavyoogopa.

Fundi alisema hivyo hivyo. "Mama, macho ya wazee hufanana."

Yule mama hakubishana. Alimweleza habari za pembe, habari za nguo nyeusi, habari za ng'ombe, na kwamba baba yake lazima alivaa koti la kijeshi kuukuu ambalo hakulivua hata wakati wa joto. Alipotaja koti, fundi aliweka chini kitambaa alichokuwa ameshika. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, fimbo magotini.

"Mwanangu," bibi akamwambia fundi, "lete uonyeshe ulichonacho. Hatukuja kukupiga."

Fundi aliingia chumba cha nyuma akakaa huko muda. Alitoka na sanduku la bati, akatoa ndani yake negativu moja, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Hata ikiwa hivyo, nyeusi ikiwa nyeupe na nyeupe ikiwa nyeusi, niliona koti.

"Hakurudi," fundi akasema. "Nilimngoja. Na picha yenyewe ilikuwa imeharibika, alitikisika. Nilidhani hana mwenyewe."

"Anaye," yule mama akasema.

Hapo fundi akaanza kueleza, na alieleza bila kuzunguka tena. Alisema bibi alipoikataa picha ya kwanza, alijua anachotaka ni kasoro. Akajaribu kubuni. Alichora kovu, likaonekana kovu la wino. Alilegeza kope kwa brashi, likaonekana limelegezwa kwa brashi. "Kasoro ya kubuni haikai usoni," akasema. "Jicho la mtu likilegea, linavuta vyote vilivyo karibu nalo, shavu, nyusi, hata namna anavyokiweka kichwa. Mimi siwezi kuyajua yote hayo. Nikaona bora nitafute kasoro iliyokwishaishi kwa mtu." Akapekua masanduku ya picha ambazo wenyewe hawakuzifuata. Akampata mzee wa koti, upande mmoja wa uso umepotea kwa kutikisika, upande wa kushoto umetulia vizuri. Kunjo la karatasi na ule weupe wa pembeni aliviongeza baadaye, ili jicho lisiwe peke yake.

"Na sisi ukatuambia ni baba yetu," mjomba akasema. Sauti yake ya kikazi ilikuwa imekwisha.

"Ndugu karani, sikusema. Nilipoifunua mlisema wenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Fundi alimsafishia yule mama picha ya baba yake siku hiyo hiyo. Tulipoiona, mjomba alihuzunika kwa niaba yake, maana ilikuwa picha mbovu kwelikweli. Mdomo ulikuwa umefutika kama moshi. Mkono mmoja ulionekana kama miwili. Kilichosimama wazi ni sikio, jicho, na kola ya koti. Fundi mwenyewe alijitolea kuitengeneza vizuri, aunge mdomo, anyooshe mkono.

"Usimguse," yule mama akasema. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu afike kwetu. "Baba hakuweza kutulia hata akinyolewa. Ni yeye."

Nyumbani pakawa na mzozo wa ile ya ukutani. Mjomba alitaka ibaki. Alisema ni jicho moja tu, mengine yote ni yetu, paji lake, mdomo wa dada yake, kidevu cha mdogo wake. Yule mama wa Igunga alipoulizwa kama anaitaka, alisema haiwezi kumfaa, hawezi kumbeba baba yake ndani ya mtu mwingine.

Bibi ndiye aliyeishusha. Alimwambia mjomba kwamba amekaa nyumba moja na jicho la mwanamume asiyemjua muda wa kutosha.

"Lakini nyuki walimuuma, mama," mjomba akasema. "Nilikuwapo. Nilimshika mkono nikamleta nyumbani. Nakumbuka."

Bibi alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi tayari, akaiweka picha mezani ikiwa imelala kifudifudi.

"Ulikuwapo," akamwambia. "Walimuuma mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyemtoa miiba, na wewe ulikuwa umekaa mlangoni unalia. Jicho halikuguswa."

Mjomba alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku. Nafikiri alijaribu, lakini hakuweza kulitoa lile jicho kwenye kisa chake. Mpaka anastaafu alikisimulia vilevile, na wanawe wanakisimulia mpaka leo. Mimi sibishani nao. Picha yenyewe aliihifadhi juu ya kabati lake, imefungwa kwenye kanga, na mjomba alipofariki, mkewe aliondoka nayo kwenda Igunga. Sijui iko wapi.

Ukuta wa sebule ukabaki na msumari. Nilidhani habari imekwisha, mpaka bibi aliponiambia twende tena kwa fundi. Alitaka apigwe picha yeye.

"Kwa yule yule, bibi?"

"Yule nimekwisha kumjua uongo wake. Mwingine nitaanza upya."

Alivaa kanga mpya, akakataa kusimama mbele ya ngazi za kuchorwa. Fundi akamkalisha uani, ukuta wa udongo nyuma yake. Bibi akamwambia kwamba hataki brashi, hataki wino, hataki kunjo. Mimi akaniambia nisimame pale pale, nisitoke, mpaka picha ikauke. Nikasimama. Nilimfuata fundi hata chumba cha giza, nikamwona bibi akitokea kidogo kidogo kwenye maji ya dawa chini ya taa nyekundu, kwanza macho, halafu chunjua aliyokuwa nayo kando ya pua, halafu mikunjo yote. Fundi hakugusa kitu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alijua.

Bibi aliipokea, akaitazama, na uso wake ukafunga.

"Huyu mzee ni wa wapi?"

"Ni wewe, mama," fundi akasema.

"Umehamisha chunjua yangu."

Aligusa pua yake, akagusa ya kwenye picha, akagusa tena yake. Nilielewa kabla ya fundi. Bibi alijijua kwa kioo tu, kile kioo kidogo cha duara alichotoka nacho shamba, na kwenye kioo chunjua ilikaa upande mwingine. Nilimweleza. Nilichukua picha nikaisimamisha kifuani kwangu, nikamwambia mimi nikimtazama yeye naiona upande huu, kama hivi. Alinisikiliza akiwa amekunja nyusi. Fundi alifungua mdomo kusema jambo, bibi akamwinulia kidole anyamaze.

Tulipofika nyumbani alimwonyesha mke wa mjomba, akamwuliza chunjua iko upande gani. Akamwuliza jirani aliyekuja kuomba moto. Akamwuliza na muuza maziwa. Wote wakasema ni pale pale ilipo kwenye picha. Hakuna jibu lililomridhisha, kwa sababu, alisema, wote hao walikuwa wameiona picha kabla hawajamtazama yeye.

Jioni aliniita chumbani kwake. Picha ilikuwa mapajani.

"Mke mwenzangu, ulikuwapo alipokuwa anaitengeneza?"

"Nilikuwapo, bibi."

"Hukutoka hata kidogo? Hukutoka kwenda kupunga upepo?"

"Sikutoka."

"Na hakuna mwanamke mwingine aliyeingizwa humu?"

"Hakuna. Ni wewe mtupu."

Aliendelea kunitazama, mimi na siyo picha, muda mrefu hata nikaanza kuona aibu, kana kwamba nina jambo ninalomficha. Halafu akanipa picha mkononi.

"Basi tundika," akasema. "Lakini isielekee kitandani."